Nyumba ya Kwanza Kwenye Waya

Wiki iliyopita walikuja watu wa kamati ya historia, wanawake watatu na keki ya karoti ambayo haikuiva katikati. Siku hizi kila kijiji cha mbuga hii kinaandika kitabu chake: nani alifika kwanza kutoka nchi ya zamani, ng'ambo ya bahari, nani alichimba kisima, kanisa lilijengwa mwaka gani, timu ya besiboli iliwafunga akina nani. Kwa kijiji chetu cha Dolynka wamechelewa kidogo. Kimebaki na nyumba chache zinazotoa moshi, kanisa linalofunguliwa Pasaka na siku ya makaburi, na ghala refu la nafaka ambalo sasa ni mali ya njiwa.

Wakaniambia, Bibi Varka, tuandikie habari za simu, maana nyumba ya baba yako ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye waya. Nikawaandikia. Nguzo walizikata wanaume wetu wenyewe huko kwenye misitu ya kaskazini, wakazivuta kwa farasi, wakachimba mashimo kwa sururu, wakaunda kampuni yao ya simu, kila mkulima na hisa yake. Mambo mazuri, na picha juu. Wakafurahi, wakanywa chai, wakaenda zao. Habari za Odarka sikuwaandikia. Wale ninavyowajua wangezisafisha mpaka mimi nionekane malaika, na mimi sikuwa malaika. Nilikuwa na wivu. Ninao mpaka leo, na sioni kwa nini niufiche.

Odarka alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu Danylo. Danylo alimwoa vita vikiwa vimeshaanza, harusi ya siku tatu, watu wakacheza mpaka soli zikang'oka, halafu akavaa sare akaondoka. Hakurudi. Amezikwa Italia, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupaona. Odarka akabaki na shamba la kijito. Hilo shamba mimi nilikuwa nalitamani tangu nina meno ya utoto. Baba alimpa Danylo kwa kuwa Danylo ni mwanamume, na Danylo alipokufa likawa la Odarka kwa kuwa Odarka ni mjane. Na mimi nani? Mimi ni binti wa kupika supu. Mama alikuwa ameshafariki, nikabaki na baba, na ng'ombe, na saa kubwa ya ukutani iliyotoka nchi ya zamani, yenye mlio kama mtu anayepasua kuni.

Sasa angekuwa mjane wa kununa, ungemhurumia yakaisha. Huyu hapana. Mkate wake uliumuka hata siku za baridi kali. Kuku wake walitaga mwezi wa kwanza, wakati wetu wamekaa tu wanakula ngano ya bure. Kanisani aliimba sauti ya pili, taratibu, na wanawake wazima wakaacha kuimba ili wamsikilize. Na wala hakuwa na habari. Hapo ndipo aliponichoma. Mtu anapendwa na kila mwenye pumzi, halafu anakugeukia wewe, anakuuliza eti kilemba chake kimekaa sawa.

Vita vilipokwisha, kampuni ya nafaka ikatuletea mtu mpya wa ghalani, Lukian. Mrefu, mcheshi, mikono mikubwa. Alikuwa anapima ngano ya mkulima bila kuweka kidole kwenye mizani, jambo ambalo aliyemtangulia hakuwahi kulifikiria. Majira ya baridi alikuwa anacheza ule mchezo wetu wa kutelezesha mawe kwenye barafu, na akitupa jiwe alicheka kabla halijafika, kwa sababu alijua litafika.

Nikaanza kupeleka ngano ghalani mwenyewe. Baba akabaki kwenye kiti anashangaa bidii hii imetoka wapi. Kule ghalani kulikuwa na kiofisi chenye jiko la makaa, nami nikawa nakaa hapo nikisubiri gari lishushwe, hata kama limeshashushwa zamani. Lukian alikuwa na kopo la peremende juu ya rafu. Ananipa moja, ananiuliza habari za nyumbani. Nilikuwa na umri ambao wanawake wa kanisani walishaanza kusema nimepitwa na kuolewa, na mimi nilikuwa nasikia, lakini nikitoka pale ghalani na ile peremende mdomoni nilikuwa naimba njia nzima.

Ilinichukua muda kugundua kwamba habari za nyumbani zilikuwa na njia yake. Baba hajambo? Ng'ombe wazima? Na wifi yako je, kule mwisho wa njia, peke yake, anapata mtu wa kumpasulia kuni? Mara ya kwanza nilimjibu. Mara ya pili nikamjibu. Mara ya tatu peremende ikawa chungu.

Halafu kukawa na mnada wa vikapu vya chakula, kupata paa jipya la shule. Ulikuwa ni mchezo wetu wa kila mwaka. Mwanamke anapika chakula cha watu wawili, anakiweka kwenye boksi, analipamba, haandiki jina. Wanaume wananadi, na aliyenunua anakula pamoja na mwenye boksi. Siri kubwa, kwa mdomo tu. Kila msichana alijua namna ya kuivujisha siri yake. Mimi niliivujisha kwa Mama Pelagia, mke wa mwenye duka, kwa sababu kumwambia Pelagia ilikuwa sawa na kugonga kengele ya kanisa: boksi langu lina utepe wa manjano na masuke ya ngano. Nikahakikisha Lukian amefikishiwa. Amefikishiwa, nilimwona akitikisa kichwa.

Na Odarka hakutaka hata kuja. Mimi ndiye niliyemburuta. Nilimwambia mtu haombolezi mpaka nguo zitoboke, twende. Akaja na boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya gunia, bila ua, bila chochote. Basi Lukian akaliacha la utepe wa manjano likapita, akapandisha mkono kwa ile kamba ya gunia, akaendelea kupandisha mpaka wengine wakachoka. Langu likanunuliwa na Mzee Yakiv, jirani yetu, asiye na jino hata moja wala sikio la maana. Akaniomba nimchambulie kuku awe nyuzinyuzi. Nikakaa pale nachambua kuku kwa vidole, na kule pembeni ya jukwaa nawaona wawili hao wanakula mayai ya kuchemsha na kucheka. Mayai ya kuchemsha tu. Mimi nilikuwa nimeamka alfajiri kwa ajili ya yule kuku.

Tangu siku hiyo nilimchukia. Sikumwonyesha. Jumapili nilimbusu mashavuni kama kawaida, nikamwita wifi yangu mpenzi, halafu nyumbani nikapiga unga mpaka meza ikayumba. Alikuwa amemchukua kaka yangu, akachukua shamba la kijito, na sasa amebakiza nini? Danylo nilimlilia mimi pia, lakini watu wakileta chakula cha msiba walipeleka kwake. Yaani hata kwenye kufiwa alinishinda.

Majira ya baridi ya mwaka wa arobaini na saba kila mtu wa mbuga hii anayakumbuka. Kampuni ilikuwa imemwita Lukian mjini Saskatoon baada ya Krismasi yetu, ile ya Januari, na alipokuwa huko dhoruba ikaanza. Theluji ilifika kwenye paa za mabanda. Treni ilifukiwa nzima, wanaume wakatembea juu yake bila kujua. Tulikwenda zizini kwa kushika kamba iliyofungwa mlangoni. Hakuna barua, hakuna kanisa, hakuna duka. Kijiji chote kikahamia kwenye simu.

Simu yetu ilikuwa waya mmoja kwa nyumba zote. Swichibodi, ubao wa kuunganishia simu, ilikuwa katika chumba cha nyuma cha duka, kwa Mama Pelagia. Kutoka hapo waya unakuja kwetu, unakwenda kwa Mzee Yakiv, unaendelea nyumba kwa nyumba mpaka kwa Odarka, mwisho kabisa. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, lakini mlio ulilia kwa wote, na ukiita kwa jirani, unajua. Basi unanyanyua. Kila mtu alikuwa ananyanyua. Unafunika mdomo wa simu kwa aproni, unabana pumzi, unasikiliza. Tulijua ng'ombe wa nani amezaa na mume wa nani amelewa. Tulijuana hata tukiwa tumejificha: kwa fulani kuna mbwa anayejikuna, kwa fulani mtu ana kikohozi. Lakini sheria ilikuwa moja na haikuandikwa popote. Anayesikiliza hasemi. Asikie nini, hasemi. Kusema ni kukiri kwamba upo, na hilo lingekuwa sawa na kuingia kanisani bila nguo.

Ubaya ni kwamba simu zile zilikuwa za betri. Kila anayenyanyua anaichota ile nguvu kidogo, na sauti inazidi kunyauka kadiri inavyosafiri. Wakinyanyua wawili watatu, hakuna neno. Wakinyanyua wote, sauti ya mbali inaishia nyumba za mwanzo, na aliye mwisho wa waya anaambulia upepo, na sauti yake haimfikii mpigaji wa mbali.

Siku hiyo, mchana, nilikuwa nakanda unga wa mkate. Simu ikalia mara tatu, fupifupi. Odarka. Nikanyanyua na unga mkononi. Nikamsikia Pelagia akisema, "Odarka, una simu ya mbali. Saskatoon." Kumbuka watu walikuwa wamefungiwa ndani siku na siku, wameshachoka hata kugombana. Nilisikia simu zikinyanyuliwa waya mzima, ta, ta, ta, mpaka sikuweza kuzifuatilia.

Halafu sauti ya Lukian. Kwetu ilifika nyembamba lakini safi.

"Odarka, nisikilize, sina muda. Kampuni inanipeleka Peace River, mbali kaskazini. Kuna ghala jipya, kuna na nyumba, lakini nyumba wanampa mwenye mke. Wanataka jibu leo hii kabla ofisi haijafungwa. Ukikubali nikuoe, nawaambia ndiyo, treni zikifunguka tu nakuja kukuchukua. Kama hutaki, kazi naikataa, narudi Dolynka, na hili hutalisikia tena kwangu."

Nikaegemea ukuta, unga ukanigandia kwenye simu.

Odarka akasema, "Halo? Lukian? Nasikia upepo tu."

Lukian akarudia, kwa sauti ya juu. Odarka akasema halo, halo. Akarudia tena, sasa anapiga kelele kama anaita farasi, na mimi nasikia kila neno, nikuoe, nyumba, treni, na Odarka kule mwisho anaita halo, halo.

Hapo akili yangu ilifanya kazi haraka kuliko ilivyowahi. Asiposikia, hatajibu. Asipojibu, Lukian ataona amekataliwa. Atarudi Dolynka na moyo uliovunjika, kwenye kile kiofisi chenye jiko la makaa, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti kilekile. Sikuhitaji kufanya kitu chochote. Nilihitaji kukaa kimya tu, na kukaa kimya ndiyo ilikuwa sheria.

Pelagia akaingia kati, akafoka. Aliwataja watu kwa majina, mmoja mmoja, akawaambia waweke simu chini, mtu anazungumza jambo la maana. Zikawekwa mbili tatu. Waliobaki kila mmoja alingoja mwenzake aweke, kwa kuwa simu yake yeye moja ina uzito gani. Na zile zilizowekwa nadhani zilinyanyuliwa tena.

"Mama Pelagia," Odarka akasema, "wewe unamsikia. Niambie anasema nini."

Lazima mjue kwamba miaka ya nyuma Pelagia aliwahi kufikisha bei ya fahali kutoka kwa mnunuzi wa mbali, mwenye fahali akadai bei ilipotoshwa, watu wakakamatana mashati kwenye ngazi za kanisa, na mkutano wa kampuni ya simu ukapitisha kwamba mwenye swichibodi ni marufuku kubeba maneno ya watu. Pelagia alilia siku ile mbele ya wanaume wote. Lile azimio alilibandika juu ya swichibodi yake na hakuwahi kulisamehe.

"Mimi mlinikataza," Pelagia akasema. "Mlinyanyua mikono wote, hata marehemu mumeo. Siwezi kusema neno. Lakini anayesikiliza hajakatazwa. Kuna nyumba hapa jirani inanisikia mpaka ninavyopumua. Jina silitaji."

Waya mzima ukajua ni nyumba gani. Baada ya kwetu ni Mzee Yakiv, na yule hata ukimpigia ngoma pembeni anauliza kama mvua inanyesha. Nilikuwa mimi peke yangu. Nikaibana aproni kwenye mdomo wa simu kwa mikono miwili. Nilijiambia, Varka, hakuna ushahidi juu yako. Kimya. Dakika zitakwisha zenyewe.

Kisha Odarka akasema, "Wifi."

Nikaikaza aproni.

"Varka, najua upo. Nasikia saa ya baba. Huwa naisikia kila nikipigiwa simu, tangu zamani, na sijawahi kukusema kwa mtu. Niambie anasema nini. Lolote utakalosema nitaliamini."

Watu wa kamati wangeandika kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia hata punje. Nilipandwa na hasira mpaka macho yakaingia giza. Kumbe miaka yote hiyo alijua. Kila nilipotega sikio kwenye mambo yake, alijua, na Jumapili akanipa shavu nimbusu, akaniuliza habari za kilemba. Ningekuwa mimi, ningemsuta mbele ya mlango wa kanisa. Yeye alinyamaza. Tena akanishinda. Na sasa ananiambia ataniamini, kana kwamba anajua nikiaminiwa sitaweza.

Na kulikuwa na jambo jingine, hili nalisema kwa kuwa sasa ni mzee. Nilimwona Lukian pale ghalani ananipa peremende kwa sababu hakuna mwingine wa kumpa. Nikajiona nimekaa naye meza moja, miaka na miaka, mume niliyempata kwa kuziba simu kwa aproni. Nilitaka anichague. Sikutaka kumwokota. Nikaitoa aproni.

"Anataka kukuoa," nikasema.

Ukisikia watu wengi wakivuta pumzi kwa pamoja kwenye waya mmoja, ni kama upepo umeingia ndani ya nyumba. Nikaendelea, sikuwapa nafasi. Nikamwambia habari ya Peace River, na nyumba ya mwenye mke, na jibu leo. Nikamwambia na lile la mwisho, kwamba akikataa, Lukian anarudi Dolynka. Hilo nilitamani kulimeza. Nilimwambia.

Kisha Odarka akasema, taratibu, "Muulize kama ananipenda, au anatafuta mtu wa kujaza nyumba ya kampuni."

Yaani mimi. Mimi ndiye wa kuuliza. Nikageukia upande wa Lukian, kama vile mtu anaweza kugeuka kwenye simu, nikamwuliza kama anampenda.

"Varka?" Lukian akasema. "Ni wewe? Bwana asifiwe. Mwambie nampenda. Mwambie tangu ule mwaka wa kwanza. Wewe si unajua, ulikuwa unaniletea ngano na mimi nakuuliza habari zake kila mara. Wewe ndiye shahidi wangu."

Shahidi. Nikayachukua maneno yake kama yalivyo nikayapeleka mwisho wa waya. Nikasema, "Anasema anakupenda tangu mwaka wa kwanza. Anasema mimi nilijua." Sauti yangu haikutetemeka, hilo najivunia.

"Na ulijua?" Odarka akauliza.

"Nilijua."

Lukian kule mjini anasema wanamhimiza, kuna mtu nyuma yake anataka simu. Nikadhani Odarka amepotea, nikamwita. Ndipo aliponiambia neno ambalo sijamsamehe mpaka leo, na ameshakufa.

"Danylo ni kaka yako," akasema. "Nimebeba jina lenu, nakaa kwenye ardhi yenu. Wewe ukisema nisiende, Varka, siendi. Na sitakuuliza kwa nini."

Mbele ya kijiji kizima. Aliniwekea yule mwanamume mkononi mwangu, kwa roho safi kabisa, na watu wote wameziba pumzi wanasubiri nifunge vidole. Nilijua akisema haendi, kweli asingekwenda. Odarka hakuwa na maneno mawili. Neno moja tu kutoka kwangu, na lingekuwa na heshima zake: la dada anayelinda jina la marehemu kaka yake. Hakuna ambaye angeweza kunilaumu. Baadhi yao wangenisifu.

"Usinitupie mimi," nikamwambia. "Danylo amekufa. Mtu yuko kwenye simu anasubiri. Jibu lako liseme wewe."

Nikamsikia analia. Alilia kidogo tu, halafu akasema, "Mwambie ndiyo. Mwambie nitakwenda."

Na hapo ndipo watu walipoanza kuona aibu. Sijui nani alitangulia. Nilisikia moja ikiwekwa, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, kisha nyingine, kisha nyingine, waya mzima. Mbwa anayejikuna akapotea. Kikohozi kikapotea. Hata Pelagia nadhani alijitoa. Kufoka kote kule kwa Pelagia hakukuwafanya waweke simu chini, na sasa wakaweka bila kuambiwa. Kadiri walivyoweka ndivyo sauti zilivyozidi kujaa. Sikuwa nimewahi kuusikia waya wetu ukiwa mtupu namna ile. Mimi sikuweka.

"Amesema ndiyo," nikamwambia Lukian.

"Kweli? Kasemaje? Niambie vile alivyosema yeye, Varka, nataka nilisikie neno lenyewe."

Nikafumba macho. Mikono yangu ilikuwa imekauka unga.

"Ndiyo, Lukian," nikasema. "Nitakwenda na wewe."

Alicheka. Kile kicheko chake cha kwenye barafu. Na kule mwisho wa waya nikamsikia Odarka akivuta pumzi, maana sasa simu zote zilikuwa chini na alikuwa anamsikia mwenyewe, na mimi alinisikia pia, vile nilivyolisema. Hakuhitaji tena mtu wa katikati. Nilitakiwa kuweka simu chini hapohapo.

"Sema tena," Lukian akasema.

Tukasema wote wawili, mimi na Odarka, ndiyo. Mimi ndiye niliyetangulia.